Diski Niliyoisafisha kwa Spiriti

Siku tisa kabla ya arobaini ya mama, mashine iliyobeba sauti yake iligoma. Naanza hapo moja kwa moja, maana sipendi kumzungusha msomaji.

Mashine yenyewe ilikuwa kompyuta isiyo na kioo, imekaa chini ya meza sebuleni kwangu Bigwa, chini ya milima ya Uluguru, imefunikwa kitambaa cha kufuma cha mke wangu. Haikuzimwa mchana wala usiku. Waya ulitoka kwake, ukapita darini, ukashuka kwenye kibanda changu mbele ya nyumba, ambako kompyuta nyingine mbili zilichota nyimbo kutoka kwake na kuwachomea wateja kwenye sidii. Vijana wa mjini waliiita seva. Mimi niliiita ghala. Kila sauti niliyowahi kuirekodi katika maisha yangu ilikuwa mle ndani.

Mimi nimesoma hadi darasa la nne. Sisemi hivyo ili nihurumiwe. Nasema ili ujue kwamba nyumba ya matofali ya kuchoma ninayokaa niliijenga bila cheti cha mtu. Redio nilijifunza kwa kuziharibu. Enzi zile za foleni ya sabuni, kijiji kizima kilikuwa na redio moja, na betri zake zilianikwa juani zipate nguvu ya taarifa ya habari. Soko huria lilipofika, redio kaseti zilimwagika mjini. Aliyeshuka na kabichi zake kutoka mlimani alipanda na redio begani, anaimba. Na redio zile zilikuwa na ugonjwa mmoja. Ndani yake mna kidude kidogo kinachogusana na ukanda ili kuusoma. Mafundi tunakiita hedi. Hedi ikishika uchafu, sauti inazama kama mtu anayesemea ndani ya mtungi. Dawa yake: fungua, chovya pamba kwenye spiriti, futa mpaka ule uchafu wa kahawia utoke. Sauti inarudi, mwenye redio anacheka, anakwenda zake. Katika redio kumi zilizoletwa kwangu zimekufa, nyingi nilizifufua hivyo. Naweza kusema nyumba yangu niliijenga kwa pamba na spiriti.

Kompyuta zilizotumika Ulaya zilipoanza kuletwa, sikuogopa. Nikanunua, nikahamishia humo kanda zangu zote: kwaya za vigango, ngoma, harusi, mahubiri ya mazishi. Kanda zenyewe zilikuwa zimeota ukungu, unyevu wa mlimani hauzipendi. Nilipomaliza nikazirundika nyuma ya nyumba nikazichoma moto.

Mke wangu alisimama mlangoni na ufagio mkononi. "Zote?"

"Zote. Sasa ziko ndani."

"Na ile ya mama?"

"Nimesema zote."

Diski ya kwanza ikajaa. Nikanunua ya pili, nikamwita fundi wa kompyuta anifungie. Fundi huyo alikuwa mwanamke wa umri wa binti zangu, anafundisha watu kompyuta katika chumba kimoja karibu na stendi, na ukoo wake na ukoo wetu ni watani. Asiyejua utani wa koo za Waluguru nimweleze kwa ufupi: mtani anaweza kukutukana mbele ya wakwe zako na huna haki ya kununa. Akaniuliza, diski ya pili aifanye ihifadhi nakala ya ile ya kwanza, au aziunganishe mbili ziwe moja kubwa?

"Unganisha," nikamwambia. "Sitaki maghala mawili madogo, nataka moja kubwa."

"Mtani, moja ikifa?"

"Vitu vyangu havifi."

"Haya, mzee usiyekufa," akasema, akaunganisha.

Sasa sauti ya mama. Kwetu ardhi haitoki kwa baba kwenda kwa mwana. Ni ya ukoo, lukolo tunavyosema wenyewe, na ukoo unapita kwa wanawake. Mama alikuwa mwanamke mkubwa kuliko wote waliobaki katika tumbo lake, yaani tawi lake la ukoo, ndiye aliyejua kila kipande cha mteremko wetu kimepewa nani na kinaishia wapi. Miaka kadhaa kabla hajafa, aliniita niende na redio yangu ya kurekodia. Akakaa kwenye kigoda, akasema kwa saa mbili, kipande kwa kipande. Mimi nilikuwa naangalia mshale wa sauti usipite kwenye wekundu. Lakini nilisikia, tena vizuri, aliposema kwamba shamba la kando ya kijito amempa mdogo wangu, yeye na binti yake na watakaozaliwa na binti yake.

Mdogo wangu huyo ni dada yangu wa tumbo moja. Aliolewa Mikese, mume akafa, nduguze wakamwonyesha mlango. Akapanda mlimani na mtoto mmoja na godoro. Shamba la kijito ndilo lililomwinua. Kaburi la mama hata halijakauka, mtoto wa mama yetu mdogo akasema mama alimwazima tu, na kwamba yeye amepata mtu wa Dar es Salaam anayetaka kununua kipande kile kwa ajili ya nyumba ya kupumzikia. Hayo ndiyo mambo ya soko huria tuliyoletewa: mpaka ukungu wa Uluguru ukawa na bei.

Wa kuamua alikuwa mjomba, kaka yake mama. Akasema siku ya arobaini ukoo utakaa, na kila mwenye neno alete shahidi. Mimi nisingekubaliwa kuwa shahidi. Kaka wa tumbo moja na dada yake, nani atamwamini? Basi nikasimama pale msibani, watu wamejaa uani, nikatunisha kifua.

"Shahidi ninaye," nikasema. "Mama yuko nyumbani kwangu Bigwa, ndani ya mashine. Siku ya arobaini nitamleta aseme mwenyewe."

Wanawake wakapiga vigelegele. Mdogo wangu akalia. Mjomba akaniangalia kwa muda, akasema, "Mlete. Nitafurahi kumsikia dada yangu."

Nilishuka mlima siku ile najiona mrefu.

Ilipobaki siku tisa, asubuhi, umeme ukakatika. Hilo halikuwa geni, mgao tuliuzoea. Lakini uliporudi ulirudi kwa kishindo. Taa ya sebuleni iliwaka nyeupe, ikapasuka. Chini ya meza nikasikia: tik. Tik. Tik. Kisha mguno mdogo, kama mtu aliyeinua mzigo ukamshinda. Kisha tena: tik, tik, tik.

Nikaiunganisha na kioo cha kibandani. Maandishi ya Kiingereza yakaja, meupe kwenye weusi. Kiingereza chenyewe sikijui, lakini sura ya maneno yale niliijua: mashine inasema haioni diski. Nikazima, nikawasha. Nikabadilisha waya unaokwenda kwenye diski. Nikabadilisha kisanduku cha umeme, nikatoa cha kompyuta ya kibandani, nikakifunga. Nikachomoa diski moja nikaacha nyingine, nikageuza. Nikachukua bisibisi ndefu, ncha juu ya diski, mpini sikioni, ndivyo tunavyosikiliza mota. Moja ilizunguka laini kabisa. Nyingine ndiyo iliyogonga.

Siku ya pili, baada ya kuipumzisha, ilikubali. Majina yakatokea kwenye kioo, nyimbo zote, na katikati yake neno moja nililoliandika mwenyewe: MAMA. Nikabonyeza. Mama akakohoa, akasema, "Umeshawasha?" na hapo hapo akaganda. Mashine ikaniuliza swali. Niliwahi kumwona fundi akiulizwa swali lenye sura hiyo, akajibu ndiyo, mashine ikajikagua na kujitengeneza. Nikajibu ndiyo. Namba zikaanza kupita, zikapita tangu saa tatu asubuhi hadi alasiri. Zilipokoma, majina hayakuwepo. Pale palipokuwa na MAMA palikuwa na vipande visivyo na jina, vina namba tu. Nikawasha tena. Tik, tik, tik. Haikuamka tena.

Nikapanda basi kwenda stendi kumtafuta mtani wangu. Nilimkuta darasani, wanafunzi wanane wanajifunza kupiga chapa.

"Shikamoo, marehemu mtarajiwa," akanisalimu mbele yao wote. "Umekuja kuchagua sanda?"

"Marahaba. Nyanyuka twende."

"Sanda ya ukubwa wako itabidi tushone mbili pamoja." Wanafunzi wakacheka. Kisha akaniangalia usoni, akafunga daftari lake.

Nyumbani alikaa sakafuni, sikio kwenye diski. Akaizima haraka.

"Nani aliyeendelea kuiwasha?"

"Mimi."

"Mara ngapi?"

Nikainama kukunja kile kitambaa cha kufuma.

"Sikiliza, mtani. Umewahi kuona wanawake wawili wakitwanga kwenye kinu kimoja? Huyu anapiga, yule anainua. Diski zako ziko hivyo. Wimbo mmoja umekatwa vipande vidogo vidogo. Kipande kimoja kiko huku, kinachofuata kiko kule, mpaka mwisho. Huyu mmoja akianguka, huwezi kula unga wa mwenzake ukasema umeshiba."

"Nani alizifanya hivyo?"

"Mimi. Kwa amri ya mzee asiyekufa."

Nani mwingine angenijibu hivyo ndani ya nyumba yangu na akatoka na meno yake?

Akaniambia huenda kibao cha umeme kilicho chini ya diski kimeungua, huenda hedi zimechoka. Alhamisi angekwenda Dar es Salaam kutafuta diski pacha, ya aina ile ile na toleo lile lile, ajaribu kuhamisha kibao. Kama tatizo ni hedi, alisema, tuombe Mungu. Akaichomoa diski, akaifunga kwenye kitambaa, akanikabidhi kama anayekabidhi mtoto.

"Usiiwashe tena. Umenisikia? Usiiwashe."

"Nimesikia."

Akaondoka Alhamisi. Ijumaa asubuhi mdogo wangu akashuka kutoka mlimani. Alikuwa ametembea tangu alfajiri, miguu imejaa tope jekundu hadi magotini. Hakutaka chai.

"Kaka, shikamoo. Mama amepona?"

"Anaendelea."

"Jana wamekuja. Yule ndugu yetu na mtu wake wa Dar. Wana utepe wa kupimia. Wamepita juu ya maharage yangu, wamesimika vijiti. Nikamwambia, arobaini bado. Akanicheka. Akasema, 'Mnasubiri maiti iongee?'" Akafuta uso kwa kanga. "Watu wanasema mashine yako imekufa. Kibandani kwako kumefungwa siku nne."

"Watu wanasema mengi."

"Mimi nakuuliza wewe. Imekufa?"

"Fundi amekwenda Dar."

Akanitazama kama hanijui. "Fundi? Kaka, wewe si fundi?"

Hakusema kwa ubaya. Alishangaa tu. Tangu utotoni alijua kitu chochote chenye sauti kikinyamaza, kaka yake anakifungua na kinasema. Alikwenda jikoni kwa mke wangu, akaniacha na diski mapajani.

Nikaigeuza. Mtani wangu alisema hedi. Alisema mwenyewe, hedi zimechoka. Duniani kama kulikuwa na mtu anayejua hedi, ni mimi. Alisema nisiiwashe. Hakusema nisiifungue.

Skrubu zake zilikuwa na vichwa vya nyota, sikuwa na bisibisi yake. Nikachukua ya bapa nikainoa kwa tupa mpaka ikaingia. Palikuwa na karatasi ndogo yenye maandishi mekundu juu ya skrubu moja; nikaitoboa. Kifuniko kikainuka kwa mlio mdogo, kama chupa ya soda iliyokaa sana.

Ndani mlikuwa na sahani ing'aayo kuliko kioo chochote nilichowahi kukiona. Nikajiona humo, ndevu na miwani yangu na dirisha nyuma yangu. Juu yake kimkono kimelala, chembamba, na kwenye ncha yake kitu kidogo kuliko punje ya ulezi. Ile ndiyo hedi. Na juu ya sahani, karibu na katikati, niliona duara jembamba la vumbi la kijivu. Uchafu! Basi ugonjwa ni ule ule. Miaka yote hii, wenye vyeti wanauzungukia, na ugonjwa ni ule ule.

Nikachovya pamba. Nikafuta sahani yote taratibu, kutoka katikati kwenda nje, mpaka ikang'aa. Nikainua kimkono kwa ukucha, nikafuta hedi pande zote mbili. Nikapuliza ikauke. Nikafunga skrubu zote, hata moja haikubaki. Nikamwita mdogo wangu aje asimame karibu, asikie.

Nikawasha.

Haikugonga tena. Ilitoa sauti ya sufuria linalosuguliwa kwa mchanga, ndefu, ikipanda. Mdogo wangu akaziba masikio. Kisha ikanyamaza. Haikuzunguka tena, sio siku ile, sio siku yoyote.

"Ndiyo amepona?" akauliza.

Nimewahi kuzika watoto wawili. Sijawahi kuulizwa swali gumu kama lile.

Mtani wangu alirudi Jumamosi na diski pacha ndani ya pochi yake. Alipoingia akanusa. "Kuna mtu anakunywa spiriti humu?" Kisha akaona ile karatasi ya maandishi mekundu iliyotobolewa. Akachukua diski, akaitikisa karibu na sikio lake. Ndani kukacheza kitu. Akaketi.

"Uliifungua."

"Niliisafisha."

"Kwa nini?"

"Ilikuwa na vumbi."

"Lile vumbi lilikuwa sahani yenyewe, mtani. Hedi iligusa sahani ikaikwangua. Lile vumbi ndizo nyimbo zako." Akafunika uso kwa viganja. Nilingoja anitukane. Ilikuwa haki yake, na ningemshukuru. Akasema tu, "Ilikuwa mgonjwa. Wewe umeizika."

Tukabaki na ile moja nzima. Akaleta programu ya kuchimbua vipande, akachimba Jumamosi ile yote, Jumapili baada ya misa, na Jumatatu. Mamia ya vipande, vingi vya kwaya na ngoma. Vya mama alivitenga, akavipanga, akanipa visikilizio.

Kila kipande kilikuwa cha sekunde chache. Kisha shimo la urefu ule ule. Kisha mama tena.

"…kuanzia kwenye lile jiwe lililopasuka, ukishuka na kijito mpaka…"

Kimya.

"…hata nikifa, asije akasumbuliwa. Na kule juu, penye chemchemi, pale ni pa…"

Kimya.

"…zima kwanza, koo limenikauka. Niletee maji. Siyo hayo, ya mtungini."

Saa mbili zile zote zilikuwa hivyo. Mpaka upo, jina la mtu limeangukia shimoni. Au jina lipo, mpaka hakuna. Nilisikiliza tangu mwanzo hadi mwisho mara tatu. Aliyetajwa asisumbuliwe alikuwa nani? Mimi najua ni nani. Nilikuwepo! Lakini mama hakusema, maana neno lile nililifuta kwa pamba.

Karibu na mwisho, mama aligawa vyombo vyake. Kipande kimoja kilisema, kwa sauti safi kabisa: "…nampa mdogo wako huyu, asije mtu akamnyang'anya…" Ilikuwa habari ya chungu chake cha kupikia.

Nikavua visikilizio. "Mtani. Unaweza kuvishona?"

Alinielewa upesi. "Naweza."

"Shamba la kijito. Halafu, nampa mdogo wako huyu. Halafu, hata nikifa, asije akasumbuliwa."

"Naweza, nimesema. Lakini utakuwa ni uongo."

"Ni kweli! Alisema hivyo hivyo, nilimsikia kwa masikio yangu!"

"Basi utakuwa ni ukweli wa kushona," akasema. Akashona. Ilimchukua muda mfupi kuliko kunywa chai. Na ilisikika, jamani. Mama yangu alisema nilichotaka aseme.

Siku moja kabla ya arobaini nilipanda mlimani na redio ya sidii na betri. Nikamwita mdogo wangu ndani ya nyumba yake, nikafunga mlango, nikampigia. Sekunde kumi na kitu. Akasikiliza ameinama. Akaniambia nirudie. Nikarudia.

"Hapumui," akasema.

"Nini?"

"Mama hapa hapumui. Kati ya neno na neno hapumui." Akainua macho. "Umemfanya nini?"

Nikamwambia. Yote: kuunganisha, kuchoma kanda, spiriti, kushona. Akafungua dirisha kidogo, akamtazama binti yake anayekata kuni nje.

"Ukimpigia mjomba hii," akasema, "mimi nitasimama niseme siyo yeye."

"Una kichaa? Ni shamba lako! Na alisema kweli!"

"Alisema. Lakini siyo hivi. Kaka, mimi ndiye nitakayelima pale kila siku peke yangu. Nitamsikia kila siku anasema na mdomo ulioshonwa. Siwezi."

"Basi utakosa."

"Basi nitakosa."

Sikulala vizuri, lakini hilo halina maana kwa mtu yeyote.

Arobaini ikafika. Misa ikasomwa, watu wakala, ukoo ukakaa uani kwa mama, wanaume upande huu, wanawake upande ule. Mjomba alikuwa kitini, fimbo kati ya magoti. Redio yangu iliwekwa juu ya kinu kilichopinduliwa, watu wanaitazama kama altare. Mle ndani nilikuwa nimeweka sidii ya vipande visivyoshonwa. Ile nyingine nilikuwa nimeivunja asubuhi, lakini nakiri: niliivunja kwa kumwogopa mdogo wangu, wala si kwa wema.

Kabla mjomba hajafungua kikao, nyuma yangu mtu akanirukia. Mtani wangu. Alikuwa amepanda kutoka mjini kwa miguu, kama watani wanavyotakiwa kwenye arobaini. Akanifunga mikono kwa kanga, akaivuta, akanizungusha mbele ya watu.

"Nimemkamata!" akapiga kelele. "Wafiwa, nimemkamata muuaji! Huyu ndiye aliyemuua marehemu mara ya pili! Nipeni kuku wangu nimfungue!"

Uwanja wote ukacheka. Hata mjomba alicheka. Ndivyo utani ulivyo, mtani anasema mambo mazito na watu wanashika mbavu. Wanawake wakapiga makofi, "Asifunguliwe! Asifunguliwe!" Mimi nilimwangalia usoni. Macho yake hayakuwa yanacheka.

"Ni kweli," nikasema.

Wakacheka zaidi.

"Ni kweli," nikasema tena kwa nguvu. "Sauti ya mama nimeifuta mimi. Kwa mkono wangu. Kwa pamba."

Kicheko kikaisha kwa vipande, mmoja mmoja, kama mvua inavyokatika kwenye mabati.

Mjomba akaegemea fimbo. "Ulituambia utamleta dada yangu."

"Ndiyo, mjomba."

"Umemleta?"

"Nimeleta nusu yake."

"Weka."

Nikabonyeza kwa mikono iliyofungwa. Mama akasema, akanyamaza, akasema. Jiwe lililopasuka. Kimya. Asije akasumbuliwa. Kimya. Mtoto wa mama mdogo aliguna kila shimo lilipopita, "Nani? Amemtaja nani?" Mjomba alisikiliza vyote, amefumba macho, na pale mama alipoomba maji ya mtungini machozi yalimtoka, hakuyafuta.

"Ni yeye," akasema redio iliponyamaza. "Lakini hajamtaja mtu. Asiyetajwa na dada yangu, mimi siwezi kumtaja."

Akaamua hivi. Shamba la kijito haliuzwi kwa mtu wa Dar wala kwa mtu yeyote. Mdogo wangu atalilima akiwa hai, kwa kuwa alikutwa humo. Siku akifa linarudi kwa ukoo, na binti yake hana neno. Mtoto wa mama mdogo alinyanyuka akaondoka bila kuaga. Watu walinipa pole, wakaniambia angalau halikuuzwa. Mdogo wangu alikuja akanifungua kanga mikononi, fundo kwa fundo.

Seva niliiuza baadaye, bila diski. Mjini watu wakaanza kuweka nyimbo kwenye simu, na kibanda nikakifunga. Hilo halinisumbui, mimi nilikuwepo kabla ya redio.

Kinachonisumbua kiko mlimani. Kwetu mtu anayepanda mgomba au mdalasini amesema mahali pale ni pake na pa watoto wake, maana mimea hiyo inamzidi umri aliyeipanda. Mdogo wangu amelima kando ya kijito miaka yote hii. Amepanda maharage, njegere, kabichi, karoti, vitu vinavyokwisha na msimu wake. Binti yake ameshahama, amepanga chumba Kingolwira, anauza maandazi stesheni, na amezaa binti ambaye mteremko wetu anaujua kwa kuutazama kwa mbali.

Masika yaliyopita nilimpelekea mdogo wangu machipukizi sita ya migomba, mazuri, nimeyachimba mwenyewe. Nikamwambia, panda, mjomba amekufa, nani atakuuliza? Akanipokea mzigo, akayaweka kivulini nyuma ya jiko, akayamwagia maji, akanichemshia chai. Tuliongea habari za mvua. Nilipopanda tena baada ya mwezi, yalikuwa palepale alipoyaweka, yamekauka, yote sita.